HandBrake kwa video za Lamu: uzoefu wangu wa kubana faili zipite kwenye mtandao wa polepole

Ukitaka kuijua programu ya kubana video, ipe mashindano ya majahazi. Tanga halisumbui, mbingu haisumbui. Kinachosumbua ni maji. Kodeki, yaani kanuni ya kubana video, huokoa nafasi kwa kutorudia kile ambacho hakikubadilika tangu fremu iliyopita, na bahari hubadilika kila fremu. Shekhe aliyeketi akitoa mawaidha mbele ya ukuta mweupe hubanika hadi ukashangaa. Dakika moja ya mawimbi kati ya Lamu na Manda hula nafasi mara kadhaa zaidi, hata kama kamera ni ileile.

Mimi hupiga video hapa Amu: nikahi, maulidi, mashindano. Siku hizi wateja hawaulizii tena flashi, wanataka linki. Jamaa wamo Kizingitini, wamo Faza, wamo Maskati, na wote hutazama kwa simu, kwa bando. Kabla yao niko mimi, ninayetakiwa kuipandisha faili mtandaoni kutoka nyumba ya mawe ya Mkomani ambayo kuta zake nene huzima hata simu ya kawaida. Sharti nipande juu kwenye paa.

Hesabu yenyewe haina huruma. Video inayorekodiwa kwa megabiti 17 kwa sekunde huwa gigabaiti 7.6 kwa saa moja. Kwenye mtandao unaopandisha megabiti 1 kwa sekunde bila kukatika, faili hiyo huchukua saa 17. Ishushe hadi kilobiti 500 za picha na 96 za sauti kwa sekunde, inabaki megabaiti 268 hivi, na inapanda kwa dakika 36. Hapo ndipo HandBrake ilipoingia kwenye kazi yangu.

Ni programu ya bure, ya chanzo huria, iliyoanzishwa na Eric Petit mwaka 2003. Toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2016. Hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Haibandiki nembo yake juu ya video yako, tofauti na programu moja ya simu niliyowahi kuijaribu, ambayo ilimpamba bwana harusi kwa tangazo kwenye kona. Lakini ichukue kwenye tovuti yao wenyewe, handbrake.fr, na ulinganishe namba ya uhakiki ya faili uliyopakua na ile waliyoichapisha wao. Mei 2017 seva yao moja ya kupakulia ilivamiwa, na kwa siku chache waliopakua toleo la Mac kutoka hapo waliweza kupata kirusi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona wengi hulipita. Maelekezo mengi hukuambia utumie ubora wa kudumu, ile namba ya RF: ikiwa ndogo picha ni nzuri na faili ni nene, ikiwa kubwa ni kinyume chake. Kwa H.264, kodeki ninayoitumia, kupanda hatua 6 hupunguza faili karibu nusu. Kwa kuhifadhi nakala nyumbani sina neno, ni njia bora kabisa. Kwa mtu wa kutazama moja kwa moja kwenye mtandao dhaifu, siipendi ikiwa peke yake. RF hulinda ubora, kwa hiyo ikikutana na maji au umati wa goma hupandisha biti bila kukuuliza. Wastani wa faili utakuwa mdogo, lakini pale nahodha anapogeuza tanga, pale hasa watu wanapopasubiri, kile kiduara cha kungoja kinaanza kuzunguka.

Kwa hiyo mimi huchagua wastani wa biti, natia alama kwenye kuchakata kwa mapito zaidi ya moja (programu huipitia video kwanza, kisha ndipo huibana), kisha kwenye kisanduku cha chaguo za ziada za x264, sehemu inayotengeneza H.264, naandika vbv-maxrate=800:vbv-bufsize=1600. Hicho ni kifuniko: hata bahari ichafuke vipi, biti hazipandi juu ya kilobiti 800 kwa muda mrefu. Mawimbi hupoteza ukali kidogo, naam. Afadhali maji yenye ukungu kuliko jahazi lililosimama katikati ya mkondo.

Cha pili ni kile kialama cha "Web Optimized". Faili ya MP4 ina orodha yake ya ndani inayoiambia programu ya kuchezea video kila fremu iko wapi, na kwa kawaida orodha hiyo huandikwa mwishoni. Kialama hiki huileta mbele, video ikaanza kucheza kabla haijashuka yote. Hakibadilishi ubora hata chembe, na sijui kwa nini mtu aache kukitia alama.

Kuhusu vipimo vya picha, 480p, yaani picha yenye mistari 480 kwa kimo, inatosha kwa mawaidha. Kwa harusi nakwenda 576p, maana kwenye 480p nakshi za kofia za vito hupotea, na hapa kwetu mtu atakuuliza kofia yangu mbona haionekani. Fremu 50 kwa sekunde nazishusha kuwa 25. Sauti ya mawaidha naifanya ya njia moja, kilobiti 64; maulidi yenye matari na nai naiachia 128, kwa sababu matari yakibanwa sana hulia kama mchanga.

Goma la usiku lina shida yake. Kamera kwenye mwanga hafifu hutia chenga, vile vitone vinavyocheza juu ya picha, na chenga kwa kodeki ni kama mawimbi: kila fremu mpya. HandBrake ina vichujio viwili vya kuziondoa. NLMeans husafisha vizuri lakini huifanya kompyuta itambae. Hqdn3d ni ya haraka na kwangu inatosha. Ukisafisha kwanza, biti huenda kwenye nyuso za watu.

Kodeki nimebaki na H.264 ya mwaka 2003, japo H.265 ya 2013 hubana zaidi na AV1 ipo humo ndani tangu toleo la 1.6. Simu kuukuu za watazamaji wangu zinaijua H.264. Faili ndogo isiyofunguka haina kazi.

Kasoro zipo. HandBrake si ya kuhariri: haiunganishi vipande, na hata kukata dakika mbili za mwanzo tu lazima picha ichakatwe upya yote. Laptopu yangu huchemka, kwa hiyo napanga faili kwenye foleni usiku. Umeme ukikatika katikati na betri imechoka, MP4 iliyokuwa ikiandikwa haifunguki. Siku za wasiwasi natoa MKV, aina nyingine ya faili ya video, kwanza, nusu yake angalau huchezeka.

Na haitoi HLS, mfumo uliotolewa na Apple mwaka 2009 unaokata video vipande vya ubora tofauti ili simu ichague yenyewe kulingana na mtandao. Kwa hilo kuna FFmpeg, ya kuandikia amri kwa mkono. Wateja wangu hawajafika huko. Natengeneza faili mbili, ndogo na kubwa, naandika megabaiti za kila moja kando ya linki, mtu achague kwa bando lake. Wengi huchukua ndogo. Anayedai kubwa ni bwana harusi.