Peugeot 504: ya milango minne au ya milango miwili?

Wakusanyaji wa magari ya zamani wana mazoea ya siku nyingi: likiwa na milango miwili, bei hupanda, likiwa na minne, huambiwa ni gari la familia, tena yapo tele. Kwa 504 hoja hiyo inapwaya.

Ya milango miwili ilitoka 1969, bodi ikichorwa na kutengenezwa na Pininfarina, kampuni ya Italia ya kubuni na kuunda bodi za magari, huko Turin. Ukijumlisha na ile ya paa la kukunja, zilikuwa takriban 31,000 tu. Ni nzuri mno, na ndiyo ghali zaidi. Jean-Pierre Nicolas alishinda nayo Safari Rally 1978.

Ya milango minne ilianza 1968, ikawa Gari la Mwaka Ulaya 1969, na 504 za aina zote zilipita milioni 3. Lakini zilizotoka kiwandani si zilizobaki. Ile ya kifahari ilitunzwa chini ya turubai. Hii ilifanya kazi: teksi, gari la ofisi, barabara za vumbi, magunia kwenye buti. Ilipochoka, ikachinjwa vipuri. Hata Kenya, ambako iliunganishwa miaka mingi, kupata yenye viti vya awali, injini yake halisi na bodi isiyo na kutu ni shughuli. Na Safari ya 1975 Ove Andersson aliishinda kwa hii hii.

Anayenunua ili auze achukue ya Pininfarina, ila ajue taa na bampa zake ni taabu kupatikana. Mimi nachukua ya milango minne.