BEVA 371 ya utando: gundi ya pasi kwa michoro ya kanvasi

BEVA 371 ya utando ni gundi kavu, nyembamba, iliyolazwa kati ya karatasi ya silikoni na plastiki. Haishiki kitu mpaka ipate joto la nyuzi 65 za Selsiasi hivi. Gustav Berger, mtaalamu wa kuhifadhi michoro, aliibuni Marekani karibu mwaka 1970, wakati kanvasi dhaifu zilikuwa bado zikibandikwa kitambaa kipya kwa nta na utomvu, mchanganyiko unaozama ndani ya nyuzi, ukaitia kanvasi giza na usitoke wote. BEVA hukaa juujuu, na ukiipasha moto tena hubanduka. Kwa hilo tu inastahili sifa.

Inapong'ara zaidi ni kwenye kuongeza kingo. Michoro ya Tingatinga inayouzwa Dar es Salaam ikiwa imeviringishwa mara nyingi imekatwa karibu mno na picha, hakuna pa kupiga pini kwenye fremu. Kata vipande vya kitani vya upana wa sm 8. Upande utakaogusa mchoro, chomoa nyuzi kiasi cha mm 5, maana ukingo uliokatwa wima hujichora mbele ya picha baada ya muda. Bandika utando wa maikroni 65 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kwenye sm 2 za upande huo, ufunike na zile nyuzi zilizoachiwa. Ukipoa, bandua plastiki, weka kipande nyuma ya mchoro, piga pasi juu ya karatasi ya silikoni, kisha kandamiza kwa kioo kizito mpaka kipoe kabisa. Gundi hii hushika inapopoa. Mwenye haraka akiinua ikiwa bado moto, kazi inaanza upya.

Kinachoharibu kazi nyingi ni pasi ya nguo. Hata kwenye nukta moja inaweza kupita nyuzi 100, na rangi ya enameli, ile ya mafuta inayong'aa ya michoro ya Tingatinga, hulainika: madoa ya chui yaliyoinuka hulala bapa, wala hayainuki tena. Tafuta kipasi kidogo chenye kurekebishwa joto, na ujaribu pembeni kwanza.

Kwa mpasuko, hatuisifu sana. Kingo zilizojikunja zilainishwe kwanza kwa unyevu kidogo chini ya uzito, na nyuzi za mtande (za urefu) na mshindio (za upana) ziunganishwe moja moja. Kiraka kije mwisho, kwa kitambaa chepesi na utando wa maikroni 25. Kiraka kinene juu ya kanvasi nyembamba huonekana mbele kama uvimbe.

Jambo jingine la huku kwetu: usiache mchoro uliobandikwa ndani ya gari lililofungwa juani, joto lake hukaribia lile la kulainisha gundi. Na mabaki ukitaka kuyaondoa, tumia waiti spiriti kidogo kwenye pamba, baada ya kujaribu pembeni. Thina ya rangi za magari itaondoka na picha yenyewe.