Lango la Menin, Ypres: siku yangu na mama mdogo

Mama mdogo alipokuja kututembelea kutoka Tanga, nilimuuliza anataka kuona nini hapa Ubelgiji. Akasema, "Nipeleke walikopigana Wazungu ile vita ya kwanza." Tukapanda treni Brussels, tukapitia Kortrijk, tukashuka Ypres, mji ambao wenyewe wanauita Ieper.

Tulianza na makumbusho, In Flanders Fields Museum, ndani ya Lakenhalle, soko la zamani la vitambaa. Vita vililibomoa jengo hilo pamoja na karibu mji mzima, na kulijenga upya kulikuja kukamilika mwaka 1967. Mlangoni unapewa bangili yenye ua la mpopi, alama ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Ukiigusisha kwenye mashine, unasimuliwa habari za watu waliokuwepo. Tengeni saa tatu, msiende mbio. Pale penye habari za tarehe 22 Aprili 1915, siku Wajerumani walipoachia gesi ya klorini kaskazini mwa mji na kuwakuta wanajeshi wa Kifaransa, wakiwemo Waalgeria, mama mdogo alikaa kwenye benchi muda mrefu bila neno. Ngazi 231 za mnara nilizipanda peke yangu.

Lango lenyewe ni mwendo mfupi kutoka pale. Wakati wa vita halikuwepo. Palikuwa na upenyo tu kwenye boma la mji, na maelfu ya askari walipitia hapo kwenda mstari wa mbele. Lilichorwa na Reginald Blomfield, likazinduliwa tarehe 24 Julai 1927. Kuta zake zina majina zaidi ya 54,000 ya watu wa majeshi ya Uingereza na makoloni yake ambao miili yao haikupatikana au haikutambulika. Yamepangwa kwa kikosi, kisha kwa cheo. Mwili ukipatikana na kutambuliwa leo hii, mtu anapewa kaburi lake na jina huondolewa ukutani.

Mama mdogo aliweka kidole kwenye jina moja la Kihindi. "Huyu kaburi lake liko wapi?"

"Hana, mama. Ndiyo maana yuko hapa."

Akanikumbusha kwamba Wahindi ndio walioletwa na Waingereza kupigana Tanga, Novemba 1914. Ni majira yaleyale ambayo wenzao walikuwa wakifa huku Ypres. Nimekulia Tanga na sikuwahi kuziweka habari hizo mbili pamoja.

Saa mbili usiku barabara hufungwa na wapiga tarumbeta husimama chini ya tao kuwapigia waliokufa. Walianza 1928, na tangu 1929 wamefanya hivyo kila jioni, isipokuwa miaka Wajerumani walipoukalia mji katika vita ya pili. Walirudia jioni ileile ya Septemba 1944 mji ulipokombolewa. Hakuna kiingilio. Fikeni saa moja, la sivyo mtaona visogo vya watu tu. Na tafadhali msipige makofi, kama walivyofanya wageni fulani nyuma yetu. Sauti ile inapanda mpaka darini na kurudi, na mimi mwili ulinisisimka.

Nilichoshindwa kukitoa kichwani ni sanamu yetu ya Askari pale Dar es Salaam. Nayo ni ya 1927, mwaka uleule. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini hakuna jina hata moja. Kariakoo nzima imebaki na jina la kikosi chao, wao wenyewe hawakuandikwa. Nililitazama lango lile kwa heshima, na kwa uchungu pia.

Kwenye treni ya kurudi mama mdogo alinyamaza mpaka tukapita Kortrijk. Ndipo akaniambia kwamba babu yake mzaa mama alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi na hakurudi. Akanitajia jina lake. Sikuwahi kulisikia nyumbani. Nilimwomba alirudie polepole, nikaliandika nyuma ya tiketi.