LilyPond ya kujijengea: fonti ipo, ila si hiyo inayotakiwa

Nimeandika nota za kwaya kwa LilyPond, programu ya kuchapa nota za muziki, miaka kadhaa, na siku zote nilitumia ile inayokuja tayari: unapakua, unafungua, unaanza kazi. Safari hii nilitaka vichwa vya nota vinenepe kidogo, maana waimbaji wangu wa besi macho yamechoka. Vichwa hivyo vimo ndani ya msimbo chanzo, kwa hiyo ikabidi niijenge mwenyewe.

Amri ya configure, ile inayokagua kama mashine ina kila kinachohitajika kabla ya ujenzi, haikufika mbali. Ikagoma ikidai haioni fonti za maandishi za kampuni ya URW++, yaani C059, Nimbus Sans na Nimbus Mono PS. Nikacheka. C059 ninayo! Nikaandika fc-list, amri inayoorodhesha fonti zilizomo, nikatafuta jina, na kweli ikatokea. Nikarudia configure, ikagoma vilevile. Nilipoteza jioni nzima nikibishana na kompyuta.

Jibu lilikuwa mwanzoni mwa mstari uleule wa fc-list niliokuwa nikiutazama. Jina la faili liliishia na .t1. Fonti hizi hutolewa kwa sura zaidi ya moja, na mashine yangu ilikuwa na ile ya zamani, Type 1. LilyPond inataka ile ya OTF, yenye faili za .otf. Ujumbe wa kosa ulikuwa umeandika OTF waziwazi. Mimi ndiye niliyesoma jina la fonti nikaruka herufi tatu zilizofuata.

Nikapakua za OTF, nikazitia kwenye ~/.local/share/fonts, nikaendesha fc-cache -f ili orodha ya fonti isasishwe. Bado! Kumbe nilikuwa nimeingia kama root, yaani msimamizi wa mfumo, na ile alama ya ~ ikazipeleka nyumbani kwa root, mahali ambapo mtumiaji wangu wa kawaida hachungulii. Nikazihamisha, na safari hii configure ikapita bila neno. Kama hutaki kugusa fonti za mfumo, kuna --with-urwotf-dir: unaitajia folda ulikoziweka, basi.

Wako wanaoshauri kuukwepa ukaguzi huo na kuendelea na ujenzi. Msiwasikilize. Nimewahi kuchapa wimbo kwenye mashine isiyo na C059: nota zilitoka safi kabisa, kwa sababu fonti ya nota, Emmentaler, huja na programu yenyewe. Maneno ndiyo yaliyoharibika. Fontconfig, programu inayotafuta fonti kwenye mashine, ilichagua nyingine iliyo karibu, herufi zikawa pana, silabi zikasukuma nota, na wimbo wa ukurasa mmoja ukamwagikia wa pili. Mtu anayetazama nota peke yake hatajua kilichotokea.

Baada ya hapo ujenzi ulikuwa raha. Emmentaler huchorwa upya kutoka kwenye faili za METAFONT, lugha ya kuchorea fonti, kwa msaada wa programu za MetaPost na FontForge, katika saizi nane, kuanzia 11 hadi 26. Si kwamba mchoro mmoja unavutwa tu ukakua: saizi ndogo zina wino mzito zaidi kwa uwiano, zisije zikapotea kwenye karatasi. Niliweka ufunguo wa sol wa 11 kando ya ule wa 26, nikaukuza wa kwanza hadi vikalingana kimo. Tofauti ya unene inaonekana hata bila miwani. Kwa kazi ya namna hiyo nawavulia kofia waundaji wake.

Nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu ukaguzi ungeweza kusema tu, "C059 nimeiona, lakini ni Type 1," na jioni yangu ingesalimika. Kama huna haja ya kugusa michoro, chukua iliyo tayari. Fonti zote zimo ndani yake.

Vichwa vya nota, kwa taarifa yenu, nilivinenepesha mno. Nusu nota sasa inafanana na robo. Nimerudi kwenye faili za METAFONT.