Halloween na mtoto mdogo hapa Mbeya: nguo ya mtumba, boga la sokoni na pati ya garden

Naanza na matokeo kabisa ili mwenye haraka aondoke nayo: boga nyota tano, nguo ya mtumba nyota nne, pati ya garden nyota mbili, na hizo mbili zote ni za yule dada aliyekuwa anawachora watoto usoni. Jina la garden siweki, sina nia ya kumharibia mtu biashara, nataka tu mzazi mwenye mtoto mdogo ajue hela yake aipeleke wapi.

Wa kwangu alikuwa na miaka mitatu na nusu. Halloween kaijulia kwenye katuni na kwenye video za binamu zake walioko Marekani, kule tarehe 31 Oktoba jioni watoto wanavaa manguo ya ajabu ajabu wanapita nyumba kwa nyumba wanagonga wanapewa pipi, basi mwezi wa kumi wote huyu bwana mdogo wimbo ukawa huo huo, mama na mimi nataka, mama na mimi nataka. Baba yake akasema tumfanyie tu, kuna ubaya gani.

Najua kuna watakaokuja na habari za ushetani. Mama mkwe wangu mwenyewe alianza hivyo hivyo, na ndo anaishi na sisi, kwa hiyo hilo lilibidi limalizwe mezani kabla ya chochote. Nikamwambia mama, hii ni jioni ya kuamkia Watakatifu Wote, wewe si kesho yake tarehe 1 unaenda misa, na tarehe 2 mnawaombea marehemu? Ndo hapo hapo. Kuna mambo ya zamani zaidi pia, watu wa Ireland walikuwa na sikukuu yao ya kumaliza mavuno na kuingia kwenye baridi, Samhain, wakiamini usiku ule waliokufa wanasogea karibu na walio hai, vikaja vikachanganyikana. Mama akafikiria wee, akauliza sasa boga linahusikaje na watakatifu. Swali zuri, nitalijibu nikifika kwenye boga.

Nguo kwanza. Kama unakaa Mbeya usihangaike kuagiza nguo ya Halloween Dar wala mtandaoni, nenda mitumba ya SIDO pale Mwanjelwa, tafuta wanaofungua marobota ya nguo za watoto. Hizi nguo zinakuja humo humo zimechanganyika na suruali na masweta, na wauzaji wengi hawana habari ni za nini, ndo maana unakutana na mtoto Uyole huko siku ya Jumanne mchana kavaa mifupa mwili mzima anatumwa chumvi dukani. Mimi nilipata hiyo hiyo ya mifupa, nyeusi, ovaroli moja toka shingoni mpaka miguuni, kijana akaniambia dada hiyo ni ya ninja, chukua buku nane. Nikamwambia ninja gani anaonekana mbavu, tukacheka, nikaichukua kwa buku tano.

Mambo ya kuangalia. Mifupa ya hii inang'aa gizani ila lazima uianike kwenye mwanga kwanza, sisi tuliitundika chini ya taa nusu saa hivi halafu tukazima, mtoto alipiga kelele ya furaha jirani akatuma meseji kuuliza kuna nini. Mng'ao haukai mda mrefu, unafifia, unairudisha kwenye taa. Chukua saizi iliyozidi, maana huku kwetu mwezi wa kumi mchana jua linachoma ila jioni baridi ya mlima Loleza ikishuka utataka avae sweta ndani. Na hizi nguo ni za nailoni nailoni, lebo ya hii ndani imeandika kwa Kiingereza ikae mbali na moto, na ni kweli kabisa, pasi yenyewe usiipitishe itanatia hapo hapo. Shikeni hilo la moto nitalirudia. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya ile ya kubandika na kubandua mgongoni, imechoka, kila akiinama inaachia, ikabidi nitie pini mbili.

Sasa boga. Hapa ndo nilitaka kufika.

Nililinunua Soko Matola. Nikamwambia mama muuzaji nataka boga zuri la mviringo lenye kukaa vizuri lisibingirike, akaniuliza la kupika au la mbegu, nikasema la kuchonga sura ya mtu. Akaniangalia. Akaita mwenzie wa meza ya pili, njoo usikie huku, huyu dada anataka boga la kuchonga macho na mdomo. Wakauliza halafu mnalitupa? Nikasema hapana mama, tunakula nyama yake na mbegu tunakaanga, ndo wakatulia, na yule mama akaanza kunichagulia yeye mwenyewe kwa moyo wote, anagonga kwa kidole anasikiliza, hili hapana, hili hapana, hili chukua. Buku tatu. Ndaga fijo, yani asante sana kwa Kinyakyusa, nikaondoka.

Jueni tu maboga yetu si yale ya kwenye katuni. Yale ni ya rangi ya machungwa, huku mengi ni ya kijani au kijivu yana mabaka, ganda gumu, na nyama nene. Usiogope. Baba mtoto alikata kifuniko juu, na siri yake ni moja, kisu ukilaze, ukate mshazari kuelekea ndani, ukikata wima kifuniko kinadumbukia ndani. Kisu cha mkate chenye meno kinafanya kazi vizuri kuliko kile kikubwa cha nyama, hicho kikubwa kinateleza kwenye ganda na ndo kinachokata watu vidole. Mtoto kisu hagusi. Kazi ya mtoto ni kuchota. Mpe kijiko cha chuma, mwekee beseni, mwachie. Mwanangu alikunja mikono akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa zile nyuzinyuzi za ndani na mbegu zake zinateleza, akanusa, akasema "yaaak", akaingiza tena. Alichota kwa mda ambao sijawahi kumuona katulia na kitu kimoja isipokuwa simu. Bibi yake aliyekuwa anapinga akavuta kigoda, akaanza kutenganisha mbegu na nyuzinyuzi, mbegu kwenye sinia, na hapo ndo mjadala wa ushetani ulipoishia.

Kabla ya kuchonga sura, paruza ndani ule upande wa uso nyama ibaki nyembamba, kama unene wa kidole hivi, ikiwa nene mwanga hautoki na kisu hakipiti. Mtoto achore kwanza kwa makapeni, wa kwetu alichora jicho moja kubwa moja dogo na mdomo uliopinda, baba yake akataka kurekebisha nikamkatalia, tukachonga hivyo hivyo.

Na jibu la mama mkwe ni hili: wazee wa Ireland hawakuwa na maboga, walikuwa wanachonga mizizi, ile inaitwa tanipu, inafanana fanana na figili iliyonenepa, wanaweka taa ndani. Karne ya 19 walipohamia Marekani kwa wingi wakakuta maboga kibao, makubwa na rahisi kuchonga, mizizi wakaachana nayo. Kwa hiyo boga halina uhusiano wowote na watakatifu, ni mambo ya wahamiaji kutumia kilichopo sokoni. Mama akasema basi hapo wamefanya la maana, boga linaliwa.

Ndani msiweke mshumaa. Mtoto ana nguo ya nailoni, anainama kila dakika kuchungulia, wewe unaweka moto pale wa nini? Tuliweka katochi kadogo ka betri. Jua huku mwisho wa Oktoba linazama kama saa moja kasoro, tukaliweka kwenye ngazi za baraza tukazima taa ya nje. Watoto wa jirani wakajaa. Bodaboda mmoja alipita akarudi nyuma, akauliza mama hiyo ni ya kufukuza nini. Kugonga nyumba kwa nyumba hatukufanya, huku mtu kafunika uso anagonga geti lako usiku, we utafungua? Tulichofanya ni milango ya ndani: bibi chumbani kwake, baba jikoni, dada wa kazi stoo, mtoto anagonga anasema hodi, anajibiwa karibu, anapewa kitu, anafunga mlango anaenda wa pili. Akazunguka mpaka vitu vikaisha wakawa wanampa vijiko.

Asubuhi nyama ya boga bibi alishaichemsha, tukanywea chai, mbegu tukakaanga na chumvi tukala watu wazima. Sura yenyewe usiitunze, siku chache tu inalainika na kuota ukungu. Yetu ilienda kwa ng'ombe wa jirani.

Haya, pati. Mwaka huo wa 2024 tarehe 31 ilikuwa Alhamisi kwa hiyo wao walipeleka Jumamosi tarehe 2 Novemba, tangazo lina kaboga na kapaka na maneno "Halloween ya familia, watoto wa rika zote", kuanzia saa kumi jioni. Mtoto 15,000, mkubwa 10,000, chakula unanunua mwenyewe. Tukaingia watatu, hesabu ni 35,000 hujagusa hata soda.

Saa kumi pale kulikuwa na vijana wanafunga maputo. Kilichokuwa tayari ni meza ya yule dada wa kuchora tu, na huyu nampa maua yake. Hakumvamia mtoto. Alichuchumaa, akampa brashi ashike, akajichora yeye kwanza nukta mkononi, ndo akamuuliza tukuchore nini, shavuni au mkononi? Akamchora kaboga shavuni, akampa kioo. Watoto waliokuwa wanalia kwenye foleni walikuwa wanafika kwake wananyamaza. Yule dada angefanya biashara yake peke yake.

Mengine yote yakaanza saa kumi na mbili, yani giza linakaribia. Walikuwa na wazo zuri sana, tena sana: wametengeneza milango ya maboksi mistari miwili, nyuma ya kila mlango kuna mhudumu, mtoto anagonga anapewa pipi. Kama tulivyofanya nyumbani ila kwa ukubwa. Halafu wakaliharibu kwa mtu mmoja. Mlango wa katikati wamemuweka kijana ana maski ya mzee aliyechubuka uso na damu, anaruka nje anapiga ukelele na spika inapigwa mlio wa msumeno. Wakubwa wa darasa la nne la tano walikuwa wanakimbia wanacheka wanarudi tena. Wadogo jamani, mtoto wa miaka mitatu minne hajui kwamba nyuma ya maski kuna kaka, kwake uso ndo huo anaouona. Wa kwangu alinipanda mpaka shingoni. Nikamfuata msimamizi, kwa upole kabisa, nikamwambia kaka, mtoeni huyo au mtenge mda wa wadogo, akanijibu mama, ndo Halloween yenyewe hiyo. Sasa na "rika zote" mliandika ya nini?

Pipi nazo zilikuwa zile ngumu za duara pamoja na karanga na bisi kwenye vikaratasi, wanampa kila mtoto bila kuuliza umri. Madaktari wa watoto wanakataza hivyo kwa walio chini ya miaka minne, vinawapalia. Nilimnyang'anya karibu vyote, nikaonekana mama mbaya. Ndizi zetu za Tukuyu zilivyo nyingi, biskuti zipo, ni kukosa kufikiri tu. Chips kuku tuliagiza tukasubiri mpaka mtoto akasinzia, zilikuja za moto na tamu, sidanganyi. Mziki ulikuwa wa baa, upande wa pili watu wanakunywa zao, na kuongea na mtu mpaka umsogelee sikioni.

Kwa mwenye mtoto wa miaka nane kwenda juu labda nyota tatu na nusu, hao walifurahi kweli na mabinti wawili wa jirani yangu mpaka leo wanasimulia. Mwenye mdogo, boga na nguo na katochi vyote havifiki hata kiingilio cha mtoto mmoja.

Nimeulizwa na shoga yangu, wakikupa tiketi za bure utaenda tena? Nitaenda, saa kumi kamili, mtoto anachorwa, tunaagiza chips hapo hapo tukifika, na kabla hawajaleta hizo milango yao tumeshapanda bajaji.