LawHub kwa anayejiandaa na LSAT: ilipie, halafu tafuta wa kubishana naye

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Kwa anayetaka kuingia shule ya sheria hapa Marekani na mfuko wake anaujua, LawHub, tovuti ya mazoezi ya LSAT, mtihani wa kuombea nafasi ya shule hizo, ndiyo ya kufungua kwanza, na pengine ndiyo pekee ya kuilipia. Lakini ukikaa nayo peke yako chumbani, kuna mahali utakwama, na haitakuwa kwa ubovu wake. Kinachobaki hakiuzwi. Huku Louisville, Kentucky, mimi nimekipata kwenye meza ya maktaba ya Iroquois, Jumamosi mchana, nikiwa na Wakongo wawili, Mkenya mmoja na chupa ya chai.

Kwa walioko nyumbani, utaratibu wa huku ni mwingine. Tanzania mtu anatoka kidato cha sita, anaomba LLB, digrii ya sheria, moja kwa moja, akimaliza anakwenda Law School pale Dar kujifunza kazi. Huku unamaliza kwanza digrii yoyote, hata ya kilimo, ndipo unaomba miaka mitatu ya JD, digrii ya sheria ya huku. Na mlangoni kuna LSAT. Mtihani huu hauulizi sheria hata kifungu kimoja. Unauliza kama unaweza kusoma hoja ya mtu na kuona inavujia wapi. Tangu Agosti 2024 una sehemu nne za dakika 35 kila moja: maswali ya hoja fupifupi na maswali ya ufahamu wa vifungu virefu. Zinazohesabiwa ni tatu, mbili za hoja na moja ya ufahamu. Ile ya nne wanajaribia maswali mapya, na wewe uliyekaa pale hujui ni ipi. Alama zinaanzia 120 hadi 180. Ukikosea hukatwi kitu, kwa hiyo usiache swali wazi hata kama umebakiwa na sekunde tatu.

Kwetu tuliosoma nje kuna jambo jingine, na wengi hawaambiwi mapema. Digrii yangu ni ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. LSAC, ambao ndio wenye mtihani, wakipokea matokeo ya chuo cha nje hawayageuzi kuwa GPA ya Kimarekani, yaani wastani wa alama za chuo kwa namba. Wanakupa daraja la maneno tu, kwamba uko wastani, au juu ya wastani, na kadhalika. Mwenzako aliyesoma hapahapa anaingia na namba mbili mkononi, GPA na LSAT. Wewe unaingia na moja. Ndiyo maana nimeusoma mtihani huu kama mtu anayedaiwa kodi.

Sasa LawHub. Ni ya LSAC wenyewe. Ukifungua akaunti ya bure unapata majaribio kamili machache, nilipofungua mimi yalikuwa manne, na unayafanya kwenye kioo kilekile utakachokikuta siku yenyewe: saa inayohesabu kurudi nyuma, kalamu ya kupaka rangi, kitufe cha kufuta jibu ulilolikataa, kibendera cha kuweka kwenye swali utakalolirudia. Hilo la kioo msilidharau. Mtu aliyezoea kusoma kwenye karatasi anapoteza muda mwingi kwa kutafuta tu pa kubonyeza. Unaweza kufanya jaribio kwa saa ya mtihani, au ukaizima ukaenda mwendo wako, au ukaweka muda wa nyongeza kama una ruhusa hiyo kwa sababu za kiafya.

Ukilipia, dola mia na ushee kwa mwaka, yanafunguka majaribio zaidi ya hamsini ya mitihani iliyopita. Kwa bei hiyo sijaona cha kushindana nayo. Maswali ya kampuni nyingine yanaweza kuwa mazuri, lakini wanaotunga LSAT wana tabia zao, na tabia hizo huzijui ila kwa kukaa na maswali yao wenyewe. Na hao ndio watakaokutungia mtihani wako.

Kabla sijasahau: msinunue vitabu vya mtumba bila kutazama mwaka. Vile vyenye sura nzima za michezo ya mantiki, wageni saba wakae viti saba na fulani asikae karibu na fulani, vimepitwa. Sehemu hiyo iliondolewa kuanzia Agosti 2024. Chanzo chake ni kesi ya mwanamume mmoja asiyeona, aliyelalamika kwamba huwezi kumdai mtu achore michoro asiyoweza kuiona. LSAC walifikia makubaliano mwaka 2019, wakaahidi kuibadilisha. Mimi naona alitufanyia hisani na sisi tunaoona. Kwenye mauzo ya mitumba ya kanisa hapa jirani vitabu hivyo bado vinauzwa dola mbili, na watu wananunua.

Kabla ya LawHub nililipia kozi ya mtandaoni ambayo sitaitaja jina. Video zake zilikuwa nzuri. Kilichonikimbiza ni kundi lao la wanafunzi. Kila asubuhi ukifungua unakuta mtu ameandika, "Jamani nimepata 171 tu, nimevunjika moyo, nifanyeje?" Halafu watu thelathini wanampa pole. Wewe mwenye 149 unafunga kompyuta kimyakimya unakwenda kuosha vyombo. Wanaita kusaidiana. Mimi sikuona aliyemsaidia mwenzake swali hata moja.

Meza yetu ilianza kwa bahati. Nilimkuta dada mmoja wa Bukavu kwenye kompyuta za maktaba, kafungua ukurasa uleule wa LSAC niliokuwa nao mimi. Anaangalia wazee usiku, mchana anasoma. Akamleta kijana wa kanisani kwao, aliyezaliwa kambini Kakuma na kukulia hapa Kentucky, Kiingereza chake ni cha hapahapa. Wa nne ni kaka wa Kisii anayeendesha lori, huyu tunaye kwa simu, ameegemezwa kwenye chupa ya chai. Sheria ya barabarani inamtaka apumzike dakika 30 akishaendesha kwa muda wa saa nane. Sehemu moja ya LSAT ni dakika 35. Anajiongezea tano, anafanya sehemu nzima ndani ya lori, halafu anatupigia akiwa bado ana hasira nayo.

Utaratibu wetu ni mmoja tu, na ndio unaofanya kazi. Kila mtu anakuja na swali alilokosa huku akiwa na uhakika amepata. Siyo lile alilobahatisha. Anasimama upande wa jibu lake la kosa na kulitetea mbele ya wenzake, na hakuna ruhusa ya kusema "jibu ni D" mpaka aliyekosa ataje mwenyewe hoja inahitimisha nini na imeegemea nini. LawHub itakuonyesha jibu sahihi. Haitakuuliza kwa nini ulilipenda lile jingine, na ugonjwa uko hapo.

Jumamosi moja dada wa Bukavu alikuwa analitetea jibu lake kwa nguvu zote. Swali lenyewe ni mali ya wenyewe, silinakili hapa, ila umbo lake nililichukua nikalipeleka kwetu. Mimi mtu wa Muheza. Nikaandika: kila basi la Dar kwenda Arusha linapita Segera, basi hili limepita Segera, kwa hiyo basi hili linakwenda Arusha.

"Sasa kosa iko wapi?" akasema. "Imepita Segera, njo inaenda Arusha."

Kijana akamwuliza, "Mama, wewe umeshafika Segera?"

"Sijafika."

"Basi mwache anti akuchoree."

Nikachukua karatasi ya tishu nikachora njia panda. Ukitokea Chalinze, ukifika Segera barabara inagawanyika: kushoto unakwenda Korogwe, Mombo, Same, mpaka Moshi na Arusha, kulia unashuka Muheza na Tanga mjini. Mabasi ya Tanga nayo yanapita palepale. Akaitazama ile tishu muda mrefu. Kwenye simu kaka wa Kisii akaanza, "Madam, mimi nadhani..." tukamnyamazisha.

"Kumbe," dada akasema, "kupita Segera ni lazima kwa ile ya Arusha, lakini haitoshe."

Mchana huohuo akayakamata maswali mengine ya umbo lile, moja linahusu dawa, jingine linahusu ndege wahamao, na kila akikuta moja anagonga meza: "Hii ni Segera." Jina limebaki. Kijana, ambaye hajawahi kufika Tanzania, sasa akimsikia mwanasiasa kwenye televisheni akihitimisha namna hiyo, husema, "Segera."

Mimi ninachochangia kinatoka kazini. Ni mkalimani, mahakamani na hospitalini. Shahidi akisema "nililiona gari barabarani", mimi siruhusiwi kusema gari lilikuwa linakimbia, hata kama sote chumbani tunajua lilikuwa linakimbia. Majibu mengi ya kupotosha ya LSAT yanatega hapo: yanasema jambo la kweli kabisa duniani ambalo kifungu hakikulisema. Mwenye elimu nyingi ndiye anayenaswa zaidi. Kijana wetu amesoma biolojia, na vifungu vya biolojia ndivyo vinavyomwangusha.

Meza ina kasoro zake. Tunachelewa. Kuna siku saa nzima inaishia kwenye habari za nyumbani, na kuna siku haiwezekani kuwa vingine: Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, hakuna aliyefungua kompyuta, tulikaa na dada akipiga simu moja baada ya nyingine. Halafu kuna ubishi wa shule gani waombe. Kijana hataki kusikia nyingine zaidi ya Brandeis, shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Louisville, iliyopewa jina la jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliyezaliwa mji huuhuu mwaka 1856. Majivu yake yamezikwa chini ya baraza la shule yenyewe. Dada anasema yeye hawezi kusoma juu ya kaburi la mtu. Hilo bado hatujalimaliza.

Kuhusu hela, fuata mpangilio huu. Usilipe chochote kabla hujaomba msamaha wa ada kwa LSAC. Wanaangalia kipato cha kaya yako, na mwenye kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kuomba. Ukikubaliwa unasamehewa ada ya mtihani, ambayo ni zaidi ya dola 200, pamoja na ripoti za kupeleka shuleni, na LawHub ya kulipia unaipata bure. Andaa karatasi zako za kodi mapema. Na kila mtu awe na akaunti yake. Sisi hatupeani nywila, na baada ya mtihani halisi hatusimuliani maswali, kwa sababu tumesaini kutosimulia na hatutaki kuianza kazi ya sheria kwa kuvunja mkataba.

Insha ya LSAT pia msiisahau. Inafanywa kando, dakika 15 za kupanga na 35 za kuandika, haina alama, lakini kama hujawahi kuiandika matokeo hayatoki.

LawHub naipa nyota nne. Meza siipi nyota, naitafutia watu: viti viwili viko wazi. Njoo na swali ulilokosa ukiwa na uhakika, na vikombe vyako, maana vyetu havitoshi.