Mafunjo au matete kwenye ukingo wa maji?

Kwa kuchuja maji machafu, yote mawili yanafaa. Mafunjo hutaka maji yasiyo na chumvi na yasiyokauka. Kando ya Ziwa Victoria hufika mita 4 na zaidi, mizizi ikisukana kuwa zulia linaloelea. Matete huvumilia kiangazi, hata chumvi kiasi. Kwa hiyo kama maji yako hupanda na kushuka, anza na matete.

Kata shina uone: la funjo lina pembe tatu na nyama nyeupe laini, zuri kwa mikeka, la tete ni mviringo, lina pingili na uwazi ndani, gumu, la uzio na dari.

Yote huchipua yakikatwa, ila mafunjo yakivunwa mfululizo hudhoofika. Kwa ndege wa kinamasi, mimi nayapa mafunjo ushindi: wapo wasioishi kwingine.